Sarufi ya Kiingereza kwa Mwandishi Aliyelelewa na Kiswahili

Mwandishi wa Afrika Mashariki anayeandika kwa Kiingereza, awe mtafiti anayekamilisha tasnifu, ofisa anayeandaa taarifa ya mradi, au mtunzi wa hadithi fupi anayetaka kazi yake isomwe nje ya nchi yake, hukutana mara kwa mara na jambo linalovunja moyo: hoja zake ni nzito na utafiti wake umekamilika, lakini mswada unarudi kutoka kwa msimamizi au mhariri ukiwa umejaa wino mwekundu. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kwamba arudi akasome sarufi, naye hutii kwa kununua kitabu kinene, akaanza sura ya kwanza kuhusu nomino na kukiacha muda mfupi baadaye. Ushauri huo una kasoro ya msingi, kwa kuwa unachukulia kwamba sarufi yote ya Kiingereza ni ngumu kwa kiwango kimoja na kwa kila mtu. Makosa yenyewe, yakichunguzwa, hueleza habari nyingine. Makosa ya mwandishi aliyelelewa na Kiswahili hurundikana katika sehemu chache zinazotabirika, hasa zile ambazo mifumo ya lugha hizi mbili imeachana, na kwa hiyo anachohitaji kwanza ni kuzijua sehemu hizo, kisha kuzifanyia kazi moja baada ya nyingine.

Kosa kama ushahidi

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wanaisimu walibadili namna ya kulitazama kosa la mtu anayejifunza lugha. Robert Lado, mwanaisimu wa Marekani, alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1957 kwamba mjifunzaji huhamishia miundo ya lugha yake ya kwanza katika lugha mpya, hivyo palipo na mfanano hupita kwa wepesi na palipo na tofauti hukwama. Miaka 10 baadaye S. Pit Corder alitoa makala iliyotenganisha makosa ya aina mbili. Ya kwanza ni yale ya kuteleza, yanayotokana na uchovu au haraka, ambayo mwandishi huyatambua mwenyewe akisoma tena. Ya pili ni makosa ya kimfumo, yanayotokana na kanuni isiyo sahihi iliyokwisha kujengeka akilini, ambayo hata akiyasoma mara nyingi huyaona kuwa sawa. Mwaka 1972 Larry Selinker aliongeza kwamba mjifunzaji hujijengea mfumo wa katikati, usio wa lugha yake ya kwanza wala wa lugha anayojifunza, na kwamba baadhi ya sehemu za mfumo huo huweza kuganda, yaani kosa lilelile likadumu kwa miaka mingi ingawa mtu anaendelea kusoma na kuzungumza lugha hiyo kila siku.

Tafiti zilizofuata zilipunguza uzito wa dai la Lado, kwa kuwa zilionyesha kwamba makosa mengine hufanywa na wajifunzaji wa kila asili bila kujali lugha zao za kwanza. Hata hivyo, tofauti iliyowekwa na Corder imebaki na manufaa makubwa kwa mwandishi. Kosa la kuteleza huponywa kwa kusoma upya. Kosa la kimfumo haliponywi kwa njia hiyo, kwa sababu jicho linalokagua linaongozwa na kanuni ileile iliyolizaa kosa. Ndiyo maana mtu huweza kuusoma mswada wake mara nyingi na kuupeleka kwa mhariri akiamini kwamba ni safi.

Nomino na maneno yanayoitangulia

Sehemu inayosumbua kuliko zote ni ile ya maneno madogo ‘a’, ‘an’ na ‘the’. Kiingereza humlazimu mwandishi aamue, kabla ya karibu kila nomino, iwapo msomaji tayari anakijua kitu kinachotajwa, au ni kimoja kati ya vingi ambacho hakijatambulishwa, au kinatajwa kwa ujumla wake bila neno lolote mbele yake. Kiswahili hakina maneno ya aina hiyo. Umahususi wa kitu huonyeshwa, pale unapohitajika tu, kwa vionyeshi kama ‘kile’, au kwa kiambishi cha yambwa, yaani kiambishi ndani ya kitenzi kinachomrejelea mtendwa, na ndiyo maana ‘nimenunua kitabu’ na ‘nimekinunua kitabu’ hazina maana moja ingawa nomino haijabadilika. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo vizuri. Asichokizoea ni kulazimishwa kuitaja kila wakati, tena mbele ya nomino. Kipimo kimoja kinachosaidia ni kuiweka sentensi katika Kiswahili na kuuliza kama kiambishi cha yambwa kingefaa: kikifaa, mara nyingi Kiingereza kitahitaji ‘the’. Kipimo hiki hakifai kwa watu na wanyama, kwa kuwa nomino za viumbe hai kwa kawaida huchukua kiambishi hicho hata zinapotajwa kwa mara ya kwanza, kama katika ‘nimemwona mtu’.

Uamuzi huo unategemea swali jingine, nalo ni kama nomino inahesabika. Kiingereza hukataa kuhesabu baadhi ya vitu ambavyo Kiswahili huvihesabu bila tabu, kama mizigo ya msafiri, na pia kina maneno yasiyohesabika ambayo kwa Kiswahili huangukia katika ngeli ambazo umbo la umoja na la wingi ni moja, kama habari na samani, hivyo mwandishi hana alama ya kumwongoza. Matokeo yake ni maumbo ya wingi kama ‘furnitures’, ‘equipments’, ‘informations’ na ‘advices’, ambayo huonekana hata katika nyaraka za ofisi, ilhali Kiingereza sanifu huyaandika maneno hayo bila ‘s’ ya wingi. Hapa hakuna kanuni ya jumla inayoweza kukaririwa. Kila nomino huchunguzwa katika kamusi.

Wakati na hali ya tendo

Vitenzi huleta ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa lugha zote mbili zina mfumo tajiri wa kuonyesha njeo, yaani wakati wa tendo, pamoja na hali, yaani kama tendo linaendelea, limekamilika au limeacha matokeo, lakini mipaka ya mifumo hiyo haikuchorwa mahali pamoja. Kiambishi -me- cha Kiswahili huonyesha kwamba tendo limetimia na matokeo yake yangalipo, na kwa vitenzi vya kuingia katika hali fulani, kama kuvaa, kulala, kusimama na kuketi, kiambishi hicho ndicho kinachoeleza hali ya sasa. Mwandishi anayemweleza mhusika kwamba amevaa shati jekundu huandika ‘he has worn a red shirt’, akidhani kwamba kila -me- ni sawa na ‘has’, ilhali Kiingereza husema ‘he is wearing a red shirt’. Kwa upande mwingine, ‘amefika jana’ husikika sana katika mazungumzo ya Kiswahili, lakini umbo la ‘has arrived’ haliandamani na neno linalotaja wakati uliokwisha pita, hivyo jana huhitaji ‘arrived’ peke yake.

Masimulizi yana mtego wake. Msimulizi wa Kiswahili hutaja wakati mara moja kwa -li-, kisha akaendelea kwa -ka-, kiambishi kinachofuatanisha matukio bila kuurudia wakati wenyewe. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, hivyo kila kitenzi katika mfululizo hubeba alama yake ya wakati uliopita, na mwandishi aliyezoea kuutaja wakati mara moja tu anaweza kuanza aya kwa wakati uliopita na kujikuta katikati yake ameingia wakati uliopo bila kukusudia.

Upatanisho, viwakilishi na vihusishi

Katika upatanisho wa kisarufi, yaani namna maneno ya sentensi yanavyokubaliana, mzungumzaji wa Kiswahili ni mjuzi kuliko Mwingereza. Mtu anayesema ‘kiti kizuri kile kimevunjika’ na kuigeuza mara moja kuwa ‘viti vizuri vile vimevunjika’ amelinganisha maneno manne bila kufikiri. Kiingereza cha kale kilikuwa na miambatano mingi ya aina hiyo, lakini karne nyingi za mabadiliko zimeiondoa karibu yote, na katika wakati uliopo kitenzi cha kawaida kimebaki na alama moja tu, ‘s’ ya nafsi ya tatu umoja. Kwa kuwa alama hiyo ni moja na haiongezi maana yoyote, hudondoka kwa urahisi, hasa nomino nyingine inapoingia kati ya kiima na kitenzi. Mwandishi anayesita kati ya ‘the list of names is’ na ‘the list of names are’ anaweza kujiuliza kama kwa Kiswahili angesema orodha ya majina ni ndefu au ni marefu. Jibu analo tayari.

Utajiri huohuo wa viambishi huzaa makosa mengine. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima na yambwa ndani yake, na huendelea kuvibeba hata nomino zenyewe zinapotajwa kwingine katika sentensi, kama katika ‘kitabu ambacho nilikinunua jana’, na hapo ndipo hutoka sentensi ya ‘the book which I bought it yesterday’, yenye kiwakilishi kisichohitajika. Vilevile kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke, na kwa hiyo ‘he’ na ‘she’ hubadilishana nafasi hata katika maandishi ya mtu mwenye elimu kubwa. Kosa hili kwa kawaida ni la kuteleza, lakini katika hadithi yenye wahusika wengi humpoteza msomaji kabisa.

Vihusishi navyo, yaani maneno yanayoonyesha uhusiano wa mahali, wakati au namna, ni vichache katika Kiswahili kwa sababu kazi yao hufanywa kwingine. Kiambishi tamati -ni katika ‘mezani’ kinaweza kuwa na maana ya juu ya meza, kwenye meza au kutoka mezani, kikisaidiwa na kitenzi kinachokitangulia, na kauli ya kutendea, kama katika ‘andikia’ na ‘pelekea’, huingiza uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza huvitenganisha vihusishi hivyo na kukipa kila kitenzi chake, bila sababu inayoweza kukisiwa: baadhi ya vitenzi, kama ‘discuss’ na ‘emphasise’, havihitaji kihusishi chochote, na ‘discuss about’ pamoja na ‘emphasise on’ ni miongoni mwa makosa yanayoonekana mara nyingi katika maandishi ya eneo hili. Dawa yake ni kujifunza kitenzi pamoja na kihusishi chake kama neno moja.

Jambo la mwisho ni mpaka wa sentensi. Kiswahili huruhusu vishazi kuandamana kwa msaada wa viambishi -ki- na -ka- vikitenganishwa na mkato tu, na sentensi ikabaki imara. Kiingereza rasmi hakikubali vishazi viwili vinavyojitegemea viunganishwe kwa mkato peke yake. Hudai kiunganishi, nuktamkato au nukta. Wahariri huliona kosa hili kuwa kubwa, na kwa bahati njema ni jepesi kurekebishwa kuliko mengine yote, kwa kuwa kanuni yake ni moja na haina matawi mengi.

Kanuni zenye nguvu na kanuni za desturi

Mwandishi anayehangaika huongezewa mzigo na kanuni ambazo hazistahili hofu inayoambatana nazo. Kiswahili Sanifu kina historia ya vyombo vya usimamizi, tangu kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na Wafaransa wana akademia yao tangu mwaka 1635. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo cha namna hiyo. Pengo hilo lilijazwa na watu binafsi, miongoni mwao Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, kasisi Robert Lowth, ambaye kitabu chake kifupi cha sarufi kilitoka mwaka 1762, na Lindley Murray, ambaye kitabu chake cha mwaka 1795 kilitumika shuleni kwa vizazi kadhaa. Waandishi wa vitabu vya sarufi wa enzi hiyo walivutiwa na Kilatini, na baadhi ya mapendekezo yao ya mtindo yaligeuzwa na walimu waliofuata kuwa sheria. Lowth, kwa mfano, alisema kwamba kumaliza sentensi kwa kihusishi ni kawaida katika mazungumzo, lakini kukitanguliza kunafaa zaidi katika maandishi mazito. Walimu wa baadaye wakaifanya kauli hiyo katazo. Marufuku ya kuweka neno kati ya ‘to’ na kitenzi ilikuja baadaye zaidi, katika karne ya 19. Sarufi kubwa ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002, huyachukulia makatazo hayo kuwa hayana msingi katika matumizi halisi ya lugha. Mwandishi anayetumia nguvu zake kukwepa kihusishi mwishoni mwa sentensi, huku ‘the’ zake zikiwa hazijakaa sawa, anapigana vita visivyo vyake.

Namna ya kufanya kazi

Hatua ya kwanza ni daftari la makosa. Mwandishi huchukua maandishi yake machache yaliyorudishwa na msimamizi au mhariri, akaorodhesha kila sahihisho chini ya vichwa vilivyotajwa hapo juu, kisha akahesabu. Kwa kawaida vichwa viwili au vitatu hubeba sehemu kubwa ya orodha, na hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Kazi hii ina uzito wa kitaaluma pia. Mwaka 1996 John Truscott alizua mjadala mkali kwa kudai kwamba kumsahihishia mwanafunzi sarufi hakumsaidii, na Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 akitetea masahihisho yaliyoteuliwa na kueleweka. Naye Richard Schmidt alikwisha kueleza mwaka 1990 kwamba umbo la lugha halijifunziki mpaka mjifunzaji alitambue kwa ufahamu. Wino mwekundu unaokubaliwa na kusahaulika hauachi kitu, ilhali sahihisho lililoandikwa upya kwa mkono wa mwenye kosa, pamoja na sababu yake, huanza kuigusa kanuni yenyewe.

Hatua ya pili ni kutenganisha kuandika na kukagua. Rasimu ya kwanza huandikwa bila kusimama, na ukaguzi hufanywa kwa awamu, kila awamu ikitafuta kosa la aina moja tu: awamu ya nomino na maneno yanayozitangulia, awamu ya vitenzi, awamu ya vihusishi. Anayekagua yote kwa pamoja huvutwa na maana ya maandishi yake mwenyewe na kuacha kuona maumbo, na ndiyo sababu wengine huanza ukaguzi kutoka sentensi ya mwisho kurudi nyuma, ili mtiririko wa hoja usiwateke.

Hatua ya tatu ni kutumia kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wajifunzaji badala ya ile ya wazawa. Aina hii ya kamusi ina deni kubwa kwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, ambaye kamusi yake ilitoka huko mwaka 1942 na kuchapishwa tena na Oxford mwaka 1948. Kamusi hizi huonyesha mambo ambayo mzawa hahitaji kuambiwa: herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika, kihusishi kinachoandamana na kila kitenzi, na mifano ya sentensi kamili. Kwa maelezo ya kanuni zenyewe, kitabu cha mazoezi cha Raymond Murphy, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1985, kinafaa kwa sababu kila mada imewekwa katika kurasa mbili na msomaji anaweza kwenda moja kwa moja kwenye ile iliyotajwa na daftari lake.

Hatua ya nne ni kusoma kwa jicho la fundi. Benjamin Franklin anasimulia katika tawasifu yake kwamba alipokuwa kijana katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake huko Boston, alichukua makala za gazeti la The Spectator la London, akaandika madokezo mafupi ya kila sentensi, akayaweka kando kwa siku chache, kisha akajaribu kuijenga upya makala bila kuitazama na kuilinganisha na ile ya asili. Franklin alikuwa mzawa wa lugha hiyo na alilenga zaidi msamiati na mpangilio wa mawazo, lakini njia yake hugeuzwa kwa urahisi: mwandishi hunakili aya ya mwandishi hodari, akaondoa kila ‘a’, ‘an’, ‘the’ na kila kihusishi, kisha baada ya siku chache akayajaza mapengo na kuchunguza kila tofauti. Zoezi hilo humwonyesha kosa lake mwenyewe ndani ya sentensi iliyo sahihi.

Programu za kompyuta za kukagua sarufi husaidia kunasa makosa ya kuteleza, lakini zina mpaka. Sentensi inayosema ‘a teacher’ na inayosema ‘the teacher’ zote zinaweza kuwa sahihi, na ni mwandishi peke yake anayejua kama mwalimu huyo amekwisha kutambulishwa. Anayekubali kila pendekezo bila kulihoji hupata ukurasa safi, na mswada unaofuata huanza na makosa yaleyale.

Sarufi na sauti ya mwandishi

Wapo wanaohofia kwamba kusafisha sarufi huondoa ladha ya asili ya mwandishi. Historia ya fasihi haiungi mkono hofu hiyo. Joseph Conrad, aliyezaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipoland, alikijua Kiingereza akiwa tayari mtu mzima miongoni mwa mabaharia, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1895. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amekulia katika Kiswahili na ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, akiyaacha maneno ya Kiswahili yakae ndani yake pale anapotaka. Gabriel Okara wa Nigeria alikwenda mbali zaidi katika riwaya yake ya mwaka 1964, The Voice, alipoihamishia miundo ya lugha yake ya Kiijo katika Kiingereza kwa makusudi. Hata Amos Tutuola, aliyesoma shule kwa miaka michache tu na ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kilichapishwa London huku Kiingereza chake kikiachwa karibu kama kilivyokuwa, alizua ubishi nyumbani kuhusu swali hilohilo la kama ukiukaji huo ni ubunifu au upungufu. Mhariri hutofautisha mawili hayo kwa kutazama kama ukiukaji una utaratibu na kama una kazi katika maandishi. Uliotawanyika ovyo huhesabiwa kuwa kosa, hata mwandishi akijitetea namna gani.

Maendeleo katika kazi hii hayapimwi kwa kutoweka kwa makosa yote, kwa kuwa hata wazawa wa Kiingereza huhitaji wahariri. Kipimo chenye ukweli zaidi ni mabadiliko ya daftari: vichwa vilivyoongoza mwaka jana vikishuka na vingine vidogo vikapanda, mfumo wa katikati aliouzungumzia Selinker haujaganda. Mwandishi wa Tanzania, ambaye katika shule nyingi za serikali alisoma masomo ya msingi kwa Kiswahili kisha akakabidhiwa masomo ya sekondari kwa Kiingereza, kwa kawaida hakupata nafasi ya kuzilinganisha lugha hizo mbili hatua kwa hatua. Anaweza kuufanya ulinganisho huo sasa, na ataufanya vizuri zaidi akianza na sarufi ya Kiswahili, kwa sababu asiyejua -me- na kiambishi cha yambwa vinafanya kazi gani katika lugha yake hawezi kujua ni wapi Kiingereza kinamtaka aende njia nyingine.